Sheikh Muhammad Abduh: Mwalimu Aliyeendelea Kuwa Mwanafunzi

Ndugu msomaji, watu wengi wa pwani yetu wanalijua jina la Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengine wamelisikia likitajwa kwa kusifiwa, na wengine wamelisikia likitajwa kwa kulaumiwa. Na aghlabu ya hao na hawa humjua kuwa ni Mufti aliyetoa fatwa, au mtu aliyefukuzwa katika nchi yake kwa sababu ya siasa, au adui wa mambo ya uzushi. Ni wachache wanaomjua kwa kazi aliyoipenda kuliko zote hizo, nayo ni kusomesha. Uhakimu alipewa asipoutaka, na umufti ulimjia katika miaka ya mwisho. Lakini tangu ujana wake alijiona kuwa ameumbwa awe mwalimu, na hilo alilisema waziwazi kwa waliotaka kumfanya kitu kingine.

Tumeona katika darsa yetu tuyaandike maisha yake kwa upande huo peke yake, kwa kuwa upande huo unatuhusu. Tunao katika vyuo vyetu na skuli zetu walimu wema, wenye subira na wenye kulipwa kidogo, ambao siku waliyopewa watoto wa kusomesha ndiyo siku waliyofunga kitabu. Kila mwaka huja watoto wapya, na kila mwaka husomeshwa kwa maneno yale yale, hata mwanafunzi aliyepita miaka kumi nyuma angeweza kulitamka somo kabla ya mwalimu wake. Hatuwacheki, kwani sisi tuandikao haya wengine wetu ni katika hao hao.

Alizaliwa mwaka 1849 huko Misri ya Chini, akakulia katika kijiji cha Mahallat Nasr, jimbo la Buhaira, katika nyumba ya mkulima mwenye heshima. Alijifunza kusoma na kuandika nyumbani, kisha akapelekwa kwa mwalimu wa kuhifadhisha, akaihifadhi Qur'ani yote naye ni mtoto wa miaka kama 12. Mwaka 1862 baba yake alimpeleka mji wa Tanta, katika Msikiti wa Ahmadi, ili aitengeneze tajwidi yake. Na baada ya miaka miwili akaanzishwa nahau.

Hapo ndipo ilipoanza taabu yake. Kitabu alichosomeshwa kilikuwa sharhi ya Kafrawi juu ya Ajurrumiya. Msomaji aliyepita katika darsa za pwani ataijua Ajurrumiya, kile kijitabu kidogo cha nahau ambacho kila mwanafunzi huanzia. Lakini sharhi ile ya Kafrawi haimngoji mwanafunzi. Tangu ukurasa wa kwanza inaichambua Bismillahi kwa njia mbalimbali za irabu, ilhali mtoto hajaambiwa bado irabu ni kitu gani. Walimu wa Tanta waliyatamka maneno hayo ya kitaalamu kama kwamba kila aliyeketi mbele yao ameyajua tangu tumboni mwa mama yake, wala hawakuona kuwa ni wajibu wao kumweleza asiyejua. Kijana akaketi mwaka mmoja na nusu asifahamu hata neno. Mwisho alikata tamaa, akatoroka, akajificha kwa wajomba zake muda wa miezi mitatu. Ndugu yake alimvumbua akamrudisha darsani kwa nguvu. Naye akamwambia kwamba hana nasibu ya elimu, akakusanya nguo zake na vyombo vyake akarejea kijijini, azma yake kulima kama jamaa zake walivyolima. Mwaka 1865 akaoa, akaona mambo ya vitabu yamekwisha.

Tunakaa kidogo juu ya jambo hili kwa sababu yeye mwenyewe hakulisahau maisha yake yote. Alipokwisha kuwa mtu mkubwa alipoandika habari za utoto wake alilitaja, akakadiria kwamba njia ile ya kusomesha huwapoteza wanafunzi 95 katika kila 100, na kwamba wabaya zaidi ni wale wasiofahamu kitu wakadhani wamefahamu, wakaendelea hivyo hivyo hata wakavaa vilemba na kuwa walimu wa wengine. Ni neno zito. Lakini nani kati yetu ataweza kuapa kwamba hajamwona mtu wa namna hiyo, au hajaogopa kwamba huenda ndiye yeye?

Siku 40 baada ya harusi baba yake alimshurutisha arudi Tanta, akampa mtu wa kumsindikiza. Njiani jua lilikuwa kali na upepo wa moto ulivuma, naye akaligeuza shauri lake, akaelekea kijiji cha Kanisat Awrin kwa jamaa za baba yake. Vijana wa pale walifurahi kumpata, kwani alikuwa hodari wa kupanda farasi, naye akaona amepata mahali pa kustarehe. Katika kijiji hicho alikuwako mjomba wa baba yake, jina lake Sheikh Darwish Khadr. Mzee huyu hakuwa na cheo chochote. Alikuwa mkulima aliyewahi kusafiri jangwani hata Tarablus ya Magharibi, akasoma huko kwa masheikh wa tarika ya Shadhiliya, akarudi kulima shamba lake na kuisoma Qur'ani kwa kuifahamu.

Asubuhi moja Sheikh Darwish alimjia na kitabu cha barua za mmoja katika masheikh zake, akamwomba amsomee mistari michache. Kijana alikataa kwa ukali, akakitupa kitabu mbali. Mzee hakumpiga wala hakumwonya kwa baba yake. Alitabasamu, akakiokota kitabu, akakinyosha tena mpaka kijana akaona haya, akasoma mistari michache. Mzee akaieleza kwa maneno mepesi, kisha wale vijana wakaja kumwita mchezoni naye akakiacha kitabu akaondoka. Alasiri mzee alirudi, na kesho yake akarudi. Baada ya siku chache kijana akawa ndiye anayekitafuta kitabu na kuwakimbia wachezaji. Alikaa pale siku 15 tu, na kwa siku hizo ikafunguka kwake njia iliyokuwa imefungwa kwa mwaka na nusu. Aliporudi Tanta aliyafahamu masomo yale yale kwa walimu wale wale. Na wenziwe walipoona anafahamu wakaanza kumzunguka awafafanulie. Hiyo ndiyo darsa yake ya kwanza, na mwalimu wake alikuwa na umri wa miaka 16.

Mwaka 1866 akaingia Azhar mjini Cairo. Yapo mengi ya kusimuliwa katika miaka yake ya Azhar, lakini jambo tulionalo kuwa na faida zaidi kwa msomaji ni mazungumzo yake na Sheikh Darwish kila mwaka. Masomo yalikuwa yakifungwa katikati ya Shaabani, naye hurudi kijijini mpaka katikati ya Shawwali, na huko humkuta mzee. Mzee humwuliza amesoma nini mwaka ule. Akimtajia nahau na fiqhi, mzee humwuliza: je, mantiki? Je, hisabu? Je, handasa? Naye hujibu kwamba mambo hayo hayasomeshwi Azhar. Mzee humwambia kuwa mtafuta elimu hazuiliki kuipata popote ilipo. Basi akirudi Cairo huanza kumtafuta wa kumsomesha elimu hizo, pengine akampata mtu na pengine akajisomea peke yake, akipatia mara moja na kukosea mara nyingine. Msomaji atazame: mkulima wa kijijini, ambaye pengine hakuijua handasa hata kidogo, ndiye aliyekuwa akimkagua mwanafunzi wa chuo kikubwa kabisa cha Waislamu, na mkaguzi huyo hakuwa na silaha ila kuuliza swali.

Na alipomwona kijana amezama katika ibada na kujitenga hata akawa hawezi kusema na watu, mzee alimkemea vile vile, akamchukua katika mabaraza ya watu na kumlazimisha kuzungumza, kwani elimu isiyomtoka mwenyewe ikawafikia wengine aliiona kama mzigo usio faida.

Mwaka 1871 Sayyid Jamaluddin Al-Afghani alikuja kukaa Cairo, na Muhammad Abduh akawa katika wanafunzi wake wa karibu kabisa. Kwake alisoma mantiki, falsafa na ilmu ya kalamu, na zaidi ya vitabu alijifunza namna ya kuandika makala na kuitazama hali ya Waislamu ulimwenguni. Alichokipokea nyumbani kwa Sayyid alikuwa akikipeleka kwa wanafunzi wadogo wa Azhar. Habari zikamfikia Sheikh Ulaish, mwanachuoni mkubwa wa Kimaliki, kwamba kijana huyu anasomesha sharhi ya Taftazani juu ya Akida ya Nasafi na kwamba anaelekea kwa Muutazila. Alipoulizwa alijibu kwamba mtu aliyeacha kumfuata Ash'ari bila ya dalili hana sababu ya kumfuata Muutazila bila ya dalili. Inasimuliwa kwamba tangu siku hizo alikuwa akisomesha na bakora iko ubavuni. Mwaka 1877 alipotahiniwa ili apate shahada ya ualimu, baadhi ya watahini walikuwa wameazimia kumwangusha. Na lau si uadilifu wa Sheikh Al-Abbasi Al-Mahdi, aliyekuwa Sheikh wa Azhar, wangalimwangusha. Alipewa shahada ya daraja ya pili.

Basi akawa mwalimu kwa shahada. Azhar alisomesha mantiki na kalamu. Nyumbani kwake aliwasomesha wanafunzi kitabu cha Miskawayh juu ya kutengeneza tabia, na historia ya ustaarabu wa Ulaya iliyotungwa na Guizot wa Ufaransa, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imetafsiriwa kwa Kiarabu. Mwisho wa mwaka 1878 aliwekwa mwalimu wa historia katika Dar al-Ulum, skuli ya serikali ya kutengeneza walimu, akachagua kusomesha Mukaddima ya Ibn Khaldun. Kitabu hicho hakikuwa kigeni kwa majina, lakini kukifanya somo la kuwauliza vijana kwa nini dola huinuka na kwa nini huanguka, katika mwaka ambao nchi yao yenyewe ilikuwa imezama katika madeni ya wageni, hilo lilikuwa jambo jipya.

Halikudumu. Mwaka 1879 Khediwi Taufik alimfukuza Sayyid Jamaluddin katika nchi, na Muhammad Abduh akaondolewa skulini na kuamriwa akae kijijini kwao. Mwaka uliofuata akarudishwa Cairo kuandika katika gazeti la serikali, kisha likaja tukio la Urabi Pasha la mwaka 1882 na Waingereza kuitwaa Misri, naye akahukumiwa kutoka nchini miaka mitatu. Tunayapita hayo upesi kwa sababu yameandikwa sana, na pia habari ya mwaka 1884 alipokuwa Paris pamoja na Sayyid wakitoa gazeti la Al-Urwa al-Wuthqa, ambalo yalitoka matoleo 18 tu likasimama.

Mwaka 1885 alirudi Beirut, na huko akasomesha katika Madrasa ya Sultaniya. Hapa twamwomba msomaji atulie nasi, kwani hapa ndipo alipoonekana mwalimu hasa. Alipewa kusomesha Tauhidi. Alivitazama vitabu vilivyokuwako akaona vifupi haviwafikii wanafunzi, na virefu vinawapita vimo, na vile vya katikati vimetungwa kwa zama zisizokuwa zao. Akaamua kuwaandikisha kwa kinywa chake mambo yanayowaelekea, na kila tabaka la wanafunzi akalitungia maneno ya kadiri yake, yaliyo mepesi kwa wachanga na ya ndani kwa waliotangulia. Wala hakujiwekea nakala. Miaka ilipopita akataka kuyakusanya alikuta hana kitu mkononi, ikambidi amwombe ndugu yake Hammuda, aliyekuwa mwanafunzi katika darsa zile, amletee daftari lake. Katika daftari hilo la mwanafunzi, baada ya kulisahihisha na kuliongeza, kikatoka kitabu cha Risalat al-Tauhid kilichopigwa chapa mwaka 1897, ambacho husomwa hata leo. Huko huko Beirut aliandika shauri mbili ndefu juu ya kutengeneza elimu katika dola ya Uthmaniya, moja ikapelekwa kwa Sheikhul Islam wa Istanbul.

Mwaka 1888 akaruhusiwa kurudi Misri. Alitaka kurudi Dar al-Ulum. Khediwi Taufik alikataa, akaogopa kuwapa vijana mwalimu kama huyo, akaona salama ni kumfanya hakimu katika mahakama za nchi mbali na skuli. Basi akawa hakimu Banha, kisha Zaqaziq, kisha Cairo, na mwaka 1891 akapandishwa katika Mahakama ya Rufaa. Kwa mwingine hiyo ingekuwa pahali pa kupumzika: cheo kikubwa, mshahara mzuri, heshima ya watu. Kwake ilikuwa ni kama kufungiwa mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Na alifanya nini katika miaka hiyo ambayo hakuruhusiwa kusomesha? Alirudi kuwa mwanafunzi. Sheria za mahakama zile zilikuwa zimetolewa katika sheria za Kifaransa, naye hakujua Kifaransa. Umri wake ulikuwa umepita miaka 40, ni hakimu, ni mwanachuoni wa kilemba, watu wanamwendea kwa maswali. Akaketi mbele ya mwalimu wa lugha kujifunza kutamka herufi. Wala hakukubali kuanza kwa kanuni za nahau kurasa kwa kurasa. Alichukua kitabu cha hadithi cha Alexandre Dumas, akawa anasoma kwa sauti, mwalimu akimrekebisha matamshi na kumweleza maana ya asilolijua, na nahau ikija njiani kila ilipohitajiwa. Tunadhani yule mtoto wa Tanta hakuwa mbali siku hizo. Baadaye alizidi, akawa katika likizo za kiangazi huvuka bahari kwenda Geneva kuhudhuria masomo ya chuo kikuu cha huko, akiketi pamoja na watu walio umri wa watoto wake.

Lugha hiyo aliitumia kwa lile lililokuwa moyoni mwake. Alisoma vitabu vya wataalamu wa Ulaya juu ya malezi na ufundishaji, na kitabu cha Herbert Spencer wa Uingereza juu ya elimu, kilichotoka mwaka 1861, alikitafsiri kwa Kiarabu kutoka katika Kifaransa. Mwezi wa Agosti 1903 alikwenda mpaka Brighton kumzuru mzee huyo, ambaye alikuwa amebakiwa na miezi michache ya maisha yake. Wako waliomlaumu Mufti wa Misri kufunga safari kumwona mtu asiyekuwa katika dini yake. Kwa maoni yetu, lau angekwenda kumwomba fatwa lawama ingekuwa na mahali pake; lakini yeye alikwenda kama anavyokwenda fundi kuzungumza na fundi mwenziwe. Mwaka huo huo alipita Algeria na Tunis, na Tunis akahutubia katika Khalduniya, na maudhui aliyoyachagua mbele ya wanavyuoni wa mji ule yalikuwa elimu na njia za kuisomesha.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1892 Khediwi Abbas alishika mahali pa baba yake, na mwaka 1895 ikaundwa halmashauri ya kuiendesha Azhar, Sheikh Muhammad Abduh akiwa mmoja wa wajumbe waliowekwa na serikali. Alianza na mambo ya tumbo na mwili. Mishahara ya walimu, ambayo mwenye jamaa mkubwa alipata na asiye jamaa alikosa, ikawekewa kanuni. Mikate ya wanafunzi ikaongezwa, daktari akawekwa, maji na taa vikatengenezwa, na vitabu vilivyokuwa vimetawanyika katika mariwaki, vingine vikiliwa na mchwa na vingine vikiuzwa kwa siri, vikakusanywa katika maktaba moja. Kisha akaja kwenye masomo: siku za kusoma katika mwaka zikaongezwa, wanafunzi wachanga wakazuiwa kuanzishwa kwa hashiya, yaani maelezo juu ya maelezo, na hisabu na jiografia na historia zikapewa nafasi.

Hapo ndipo alipokutana na ukuta. Mkate aliweza kuuongeza kwa kanuni. Lakini kumfanya mwalimu wa umri wa miaka 50 akiri kuwa liko jambo hajalijua, hakuna kanuni iliyoweza kulifanya. Wengi katika masheikh waliona kuingizwa kwa hisabu ni dharau kwao, kwani vipi mwanafunzi atakuja kujua lile asilolijua sheikh wake? Wengine walichelea dini kwa nia safi, nao hatuwatii katika kundi la wale waliochelea vyeo vyao. Na ni haki kusema kwamba yeye naye alikuwa na ukali, na kwamba kusaidiwa kwake na Lord Cromer, mtawala wa Kiingereza, kuliwapa maadui zake neno la kusema ambalo hakuweza kulifuta kabisa.

Alipoona kanuni hazisogei alirudi kwenye njia aliyoijua. Mwaka 1899 alifanywa Mufti wa Misri, na mwaka huo huo, baada ya kuhimizwa sana na Sayyid Rashid Rida aliyekuja kutoka Syria na kuanzisha jarida la Al-Manar mwaka 1898, akaanza darsa ya tafsiri ya Qur'ani ndani ya Azhar, baada ya sala ya Magharibi. Mbele yake aliweka Jalalaini, tafsiri fupi inayojulikana sana kwetu pwani, akisoma maneno yake, akiyakubali au akiyajadili, kisha akaieleza aya kwa namna inavyomhusu yule aliyeketi mbele yake. Walihudhuria watu wa Azhar na watu wa mahakama na wa skuli za serikali, mwenye kilemba kando ya mwenye tarbushi. Rashid Rida aliandika muhtasari, na baadaye akaonyesha aliyoyaandika kwa mwalimu wake ayatazame kabla hayajatoka katika Al-Manar. Jioni nyingine alisomesha balagha kwa vitabu viwili vya Abdulkahir Al-Jurjani, vilivyokuwa vimesahauliwa, baada ya kutafuta nakala zake za mkono na kuzilinganisha neno kwa neno. Mtu wa miaka 50 na zaidi, Mufti wa nchi, alikuwa akitayarisha somo lake kwa kalamu na karatasi kama mwalimu wa siku ya kwanza.

Mwezi wa Machi 1905, baada ya Khediwi kudhihirisha kwamba hataki tena mageuzi katika Azhar, Sheikh Muhammad Abduh alijiuzulu halmashauri ile. Darsa ya tafsiri nayo ilisimama mwaka huo, akiwa amefika aya ya 125 ya Suratu Nnisaa. Alikuwa tayari mgonjwa wa saratani asijue. Alishika njia kwenda Ulaya kutafuta matibabu, lakini hakuvuka Alexandria; akafariki huko tarehe 11 Julai 1905, sawa na mwezi wa Jumada al-Ula 1323, umri wake ukiwa kama miaka 56. Alizikwa Cairo. Azhar aliyoiacha ilikuwa karibu ile ile aliyoiingia akiwa kijana, ila kwamba waliokuwemo ndani yake hawakuwa wale wale: mmoja katika vijana waliohudhuria darsa zake, Mustafa Al-Maraghi, alikuja kuwa Sheikh wa Azhar yenyewe mwaka 1928.

Rashid Rida aliiendeleza tafsiri pale iliposimama mpaka alipofika Suratu Yusuf, naye akafariki mwaka 1935 asiikamilishe. Na jarida la Al-Manar, likivuka bahari pamoja na bidhaa na barua, lilifika mpaka Mombasa, likasomwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Al-Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na baada ya kupewa ukadhi hakuacha kusomesha. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, akiwaandikia watu wa mji kwa lugha yao mambo yaliyokuwa yakiandikwa Cairo kwa Kiarabu. Kisha akaanza kuandika tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili. Alikuwa bado anaiandika alipofariki mwaka 1947.